Mjadala: Hervé Renard angekuwa Mwafrika, nani angempa timu ya taifa mwaka 2008?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linaniuma.

Mwaka 2008 Zambia ilimkabidhi timu ya taifa Mfaransa wa miaka 39 ambaye wengi wetu hatukuwahi kulisikia jina lake. Uwanjani alikuwa beki. Alianzia AS Cannes, akashukia Stade de Vallauris, akamalizia Draguignan, timu za madaraja ya chini kusini mwa Ufaransa. Mpira wa huko chini haukumtosha kuishi, ikabidi afanye kazi ya usafi. Alikuwa akiamka usiku wa manane kwenda kutoa mapipa ya taka, kisha jioni yuko mazoezini. Baadaye alifungua kampuni yake mwenyewe ya usafi. Hapo namvulia kofia, sina neno.

Ukocha aliuanzia hapohapo Draguignan. Mwaka 2004 akapata Cambridge United, daraja la nne Uingereza. Akatimuliwa kabla msimu haujaisha, na klabu ikashuka. Akapita Vietnam. Huo ndio wasifu wa mtu aliyepewa Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, miaka minne baadaye, baada ya kuwa msaidizi tu pale Ghana.

Wanaomtetea hukimbilia Libreville, Gabon, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Februari 2012, na mimi sibishi. Kabla ya fainali timu ilikwenda ufukweni kuweka maua, kuwakumbuka wachezaji wa Zambia waliopotea kwenye ajali ya ndege mwaka 1993, baharini karibu na jiji hilohilo. Wapinzani wao, Ivory Coast, walikuwa na mshambuliaji nyota Drogba, na Drogba akakosa penalti mchezo ukiendelea. Sare ya 0-0, mikwaju 8-7, Zambia bingwa kwa mara ya kwanza. Kisha Renard akambeba mikononi Joseph Musonda, aliyeumia mapema kwenye mechi, akampeleka kwa wenzake ili ashangilie nao. Nikiikumbuka picha ile mpaka leo koo linanikaba.

Lakini swali langu linahusu mwaka 2008, wala si 2012. Mtoeni jina na pasipoti. Chukueni beki wa Kizambia au wa Kimalawi aliyecheza madaraja ya chini, akafanya usafi, akatimuliwa daraja la nne la nchi fulani. Huyo angeitwa hata kwenye usaili? Mimi nasema asingeitwa. Makocha wetu tunawadai waje na vikombe mkononi, wageni tunawapa timu ili wakavitafutie vikombe hivyo kwetu. Nani ananipinga?

JIBU LA KWANZA

Sikupingi, naongezea. Mtaje Stephen Keshi. Huyu naye alizunguka na mpira, Ivory Coast, Ubelgiji, Ufaransa, ila yeye alizunguka kwenye ligi kubwa na alikuwa nahodha wa Nigeria. Akaenda kufundisha nje ya kwao, Togo, akawapeleka Kombe la Dunia 2006, mara yao ya kwanza na mpaka leo ya pekee. Walipofika mlangoni, wakamwondoa na kumleta Mjerumani, Otto Pfister. Keshi alipika, mwingine akapakua. Mwaka 2013 akachukua Kombe la Mataifa ya Afrika na Nigeria, kombe alilokuwa amelibeba akiwa mchezaji mwaka 1994. Kwa hiyo hata huyo mwenye jina na wasifu hakuaminiwa. Tatizo si wasifu.

JIBU LA PILI

Ndugu zangu, mnaonea upande mmoja. Kuondolewa mlangoni si ugonjwa wa makocha weusi peke yao. Vahid Halilhodžić aliipeleka Ivory Coast Kombe la Dunia 2010, wakamtimua kabla halijaanza. Japan wakamfanyia vilevile 2018, na Morocco 2022. Mara tatu! Na aliyempokea Morocco ni Walid Regragui, mtoto wao, akawafikisha nusu fainali. Qatar 2022 timu zote tano za Afrika ziliongozwa na Waafrika. Mnapigana na vita vya juzi.

Halafu kuhusu Renard mmeruka jambo kubwa. Zambia hawakumwokota barabarani. Kocha Mfaransa Claude Le Roy alikuwa naye China, akamchukua Cambridge, akamchukua Ghana, wakamaliza wa tatu kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2008. Zambia walimwajiri mtu aliyelelewa na mzee anayelijua bara hili.

Nami nina wazo langu. Mchezaji wa kuhangaika ana kitu ambacho nyota hana. Anajua kuishi bila uhakika wa mshahara, anajua benchi lina baridi gani. Kocha wa timu ya taifa anawaona vijana siku kumi, nusu yao hawachezi kwenye klabu zao. Anachohitaji ni kuingia moyoni mwao haraka. Tazameni Renard alikofeli, kwenye klabu za Ufaransa: alichukua Sochaux katikati ya msimu wa 2013/14, ikashuka daraja siku ya mwisho, Lille wakamtimua mwaka 2015 baada ya miezi michache. Mwaka huohuo wa 2015 alikuwa ameshaipa Ivory Coast Kombe la Mataifa ya Afrika, akawa kocha wa kwanza kulitwaa na nchi mbili tofauti. Na Saudi Arabia waliipiga Argentina 2-1 mwaka 2022 yeye akiwa benchini. Klabu na taifa ni kazi mbili.

MLETA MADA

Mkuu wa jibu la pili, la Le Roy umenipata, na nashukuru. Nililipita haraka kwa hasira. Ila umenipa hoja kali kuliko niliyokuja nayo, kwa sababu sasa naona Renard hakutengenezwa na wasifu, alitengenezwa na kiti cha msaidizi. Kuna mtu alimbeba kutoka nchi hadi nchi akamwachia kazi ya kweli. Kocha mgeni akija kwetu, mara nyingi anashuka na wasaidizi wake kwenye ndege moja, na mzawa anabaki kutafsiri na kupanga koni.

Na kuhusu vita vya juzi, rudini Abidjan, Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024. Ivory Coast wenyeji wamepigwa 4-0 na Equatorial Guinea, kocha Jean-Louis Gasset ameondoka, timu imepenya kwenye mtoano kwa tundu la sindano. Shirikisho lilifanya nini? Liliwaomba Wafaransa wamwazime Renard, ambaye wakati huo alikuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa! Wafaransa wakakataa. Ndipo timu ikabaki na Emerse Faé, msaidizi aliyekuwa palepale benchini siku zote. Faé akachukua kombe.

Sasa niambieni, wale Wafaransa wangekubali, leo Faé tungekuwa tunamjua?