Watoto wanajua nguo mpya na soda, hori hawaijui: tupange vipi Majilio?

MwalimuUyole aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba msaada wa wanaofundisha watoto na wanaoongoza jumuiya huku Nyanda za Juu Kusini. Darasa la Jumapili lina watoto kama 60, wa miaka 5 hadi 13, wote chumba kimoja. Ukiwauliza Krismasi ni nini, jibu ni nguo mpya kutoka soko la Mwanjelwa, wali na soda. Wakubwa kidogo wanaongeza "Yesu alizaliwa", wanaishia hapo. Tuna igizo la tarehe 24 usiku, na kinachokumbukwa ni yule mwenye gesti anayemfukuza Yusufu. Tarehe 26 mapambo yanashushwa, imekwisha.

Desemba yetu mnaijua: mvua, kupanda, palizi, wazazi wako shambani hadi jioni. Nina Jumapili nne za Majilio, yaani za kujiandaa kwa Krismasi, na shilingi 40,000 za vifaa. Nifundishe nini hasa, kwa mpangilio gani, na kwa vitu gani mtoto anavyoweza kuvishika? Sina nia ya kuwanyang'anya furaha ya pilau. Nataka wajue furaha hiyo inatoka wapi.

KatekistaKihesa alijibu:

Kamwene, Mwalimu. Anza na neno moja: kuhamia. Yohana 1:14 inasema, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Kwa Kigiriki kitenzi hicho kimetokana na neno hema, ni kama kusema "akapiga hema kati yetu". Anayejua Kutoka 40 anaisikia mara moja ile maskani ya jangwani iliyojaa utukufu wa Bwana. Mtoto wa miaka saba huhitaji kumfundisha Kigiriki. Anajua tofauti ya mgeni aliyekuja na mkoba mdogo na mtu aliyeshusha godoro, sufuria na kuku wake. Mungu alihamia. Akanyonya, akasikia njaa, akachoka, akafiwa na rafiki, akafa kifo chetu. Yote mengine ya Krismasi yamefungwa hapo.

Kosa ninaloomba uliepuke ni kuifanya Krismasi kuwa "bethdei ya Yesu" yenye keki na mishumaa ya kupuliza. Inapendeza, lakini mtoto anaondoka akiamini kwamba Mwana wa Mungu alianza kuwapo Bethlehemu. Kosa hilo ni la zamani: Ario alifundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo, na Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu, ukamjibu mwaka 325. Yeye aliyekuwapo kabla ya vyote alitwaa kitu ambacho hakuwa nacho, yaani mwili wetu. Kwa hiyo usianzie Bethlehemu. Jumapili ya kwanza soma Yohana 1:1-3 pamoja na Mwanzo 3, ili wajue ni nani anakuja na kwa nini alihitajika. Ya pili Isaya 9:2-7. Ya tatu Yohana Mbatizaji, Luka 3:1-14, hasa ile ya mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Ya nne Luka 1:26-38, Maria anaitikia. Luka 2, habari ya kuzaliwa, ingoje hadi mkesha. Ukiisoma Jumapili ya kwanza, umekwisha kula chakula kabla wageni hawajafika.

Tarehe 25 asubuhi rudi kwenye Yohana 1:14, na hapo nikupe kitu cha kutenda kwa mwili. Sisi Wakatoliki mwaka mzima tunainama tunapotamka kwenye Kanuni ya Imani "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu". Siku ya Krismasi hatuinami, tunapiga magoti. Tunafanya hivyo tena tarehe 25 Machi, sikukuu ya Maria Kupashwa Habari, miezi tisa kamili kabla. Waambie watoto wahesabu hiyo miezi kwa vidole. Mwenye mama mjamzito nyumbani ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

MmoravianiRungwe alijibu:

Mwagonile, Mwalimu, na asante Katekista. Kwa kitu cha kushika, tengenezeni nyota. Kanisa la Moravian liko Rungwe tangu 1891, na nyota hii yenye pembe nyingi ni mali yetu ya zamani. Ilianzia shule ya Kimoravian ya Niesky, Ujerumani, karne ya 19, kama zoezi la jiometri la wanafunzi. Hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na kushushwa Epifania, sikukuu ya Mamajusi kumfikia Yesu, 6 Januari. Kwa hiyo nyota yenyewe inawafundisha kwamba sikukuu haiishi tarehe 25 jioni.

Vifaa: karatasi ngumu za manila nyeupe kubwa tatu, gundi nyeupe ya mbao, bikari, rula, mkasi, kalamu ya wino iliyokauka. Pembe ni 25: 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Nafasi ya 26 huachwa wazi kwa ajili ya waya na taa.

Kila pembe hukatwa kipande kimoja mfano wa kipepeo cha jikoni cha kupepea moto. Fungua bikari sentimita 18, chora tao. Sasa ifunge hadi sentimita 6, na uweke alama kando ya tao hilo: hatua nne kwa pembe ya mraba, hatua tatu kwa pembe ya pembetatu. Unganisha alama kwa mistari iliyonyooka, kisha kila alama na kitovu. Acha ulimi wa kupaka gundi wa sentimita 1 kwenye kila mstari wa kitako na kwenye upande mmoja mrefu. Pitisha ile kalamu kavu juu ya mistari yote ya kukunja ukikandamiza kwa rula. Usiporuka hatua hii manila itakunjika safi. Ukiiruka inapasuka na ncha inakuwa butu.

Kuunganisha anzia chini. Pembe moja ya mraba ni kitako cha nyota. Pande zake nne zipokee pembe nne za mraba, na mianya minne inayobaki kati yake ijazwe na pembetatu. Juu ya hizo nane zungusha mkanda wa pembe nane za mraba. Halafu rudia: mraba nne na pembetatu nne zikipishana. Juu kabisa acha tundu. Ukifuata vipimo hivi unapata nyota ya karibu nusu mita toka ncha hadi ncha. Kipimo cha kujikagua: pembetatu mbili hazigusani ubavuni kamwe. Zikigusana, umekosea pembe moja nyuma na nyota haitafunga.

Yanayoharibika ni matatu. Gundi ya uji wa ngano hulegea kwa unyevu wa Desemba, na kwa mvua za Tukuyu haifiki wiki mbili. Taa ya zamani ya uzi hupata moto wa kuunguza karatasi, kwa hiyo weka LED ndogo ya wati 3. Na watoto wadogo hawakati tao vizuri, hivyo wape wa miaka 10 na kuendelea wakate, wadogo wakunje na kushikilia ulimi mpaka gundi ikamate, yaani kuhesabu hadi 60 taratibu.

Wakati wanashikilia, wasomee Hesabu 24:17, "Nyota itatokea katika Yakobo". Sekunde hizo 60 hawana pa kukimbilia.

Pili ni mshumaa wa mkesha. Desemba 1747 huko Marienborn, Ujerumani, Johannes von Watteville aliwapa watoto kila mmoja mshumaa uliofungwa utepe mwekundu, awaeleze mwali ambao Yesu aliwasha mioyoni. Utepe mwekundu ni damu yake. Hapo hori na msalaba vimekaa kwenye mkono mmoja wa mtoto, bila hotuba ndefu. Kata karatasi nyekundu ya mraba wa sentimita 10, toboa katikati kwa mkato wa msalaba, ipitishe chini. Inakinga pia nta isidondokee vidole. Iwe angalau sentimita 6 chini ya utambi. Na fundisha mapema: mshumaa usiowaka ndio unaoinamishwa kuufuata unaowaka. Ukiinamisha unaowaka, nta ya moto inamwagika kwenye mkono wa jirani.

MamaJumuiyaMakambako alijibu:

Shalom. Mwalimu, huyo mwenye gesti mwondoe kwenye igizo. Katika Luka 2 hayupo. Luka anasema tu "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni", na neno lake hapo ndilo hilohilo analotumia Luka 22:11, "Ki wapi chumba cha wageni, nile pasaka humo". Gesti ya kulipia ambayo Msamaria alimpeleka majeruhi, Luka 10:34, ameiita kwa neno jingine kabisa. Wasomaji wengi wa Luka wanaona nyumba ya ndugu iliyojaa watu, chumba cha wageni kimeshachukuliwa, mtoto akalazwa mahali wanapolishiwa wanyama. Huku kwetu hilo linaeleweka bila jasho. Nani hajalala sebuleni kwenye mkeka siku ya msiba au harusi?

Ukilisoma hivyo, fundisho linabadilika. Watoto waliozoea kumzomea mtu mbaya mlangoni sasa wanajiuliza: nyumbani kwetu palipojaa, yeye angepata wapi nafasi?

Hori iwe ya kweli. Rungwe na Njombe, na hata huko Uyole, wapo wenye ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani. Azima hori ya mbao iliyotumika, isuguliwe kwa maji tu, isipakwe rangi. Iache na alama za meno ya ng'ombe na zile kingo zilizolambwa zikawa laini. Mtoto akipitisha mkono hapo ataelewa "akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe" kuliko picha yoyote yenye dhahabu na pamba. Nyasi ziletwe kidogokidogo kwa Jumapili nne, kila mtoto ngumi moja ya nyasi kavu. Msimu huu zinaloa, kwa hiyo zikatwe siku ya jua na kuanikwa ndani. Nyasi mbichi zikirundikana hori inanuka uvundo wiki ya pili. Mtoto Yesu wa igizo asilazwe humo kabla ya tarehe 24 usiku. Hori tupu kwa majuma manne ndiyo Majilio yenyewe.

Habari njema ya kwanza walipewa watu wa zamu, wale wachungaji "wakikaa makondeni na kulinda kundi kwa zamu usiku". Basi angalieni nani hawezi kufika mkesha: walinzi, wauguzi wa usiku, wapagazi wa stendi, vijana wanaochunga Usangu. Ibada ya nusu saa saa 11 jioni tarehe 24, Luka 2:1-20, wimbo mmoja, ushirika wa chai. Wakatoka hapo kwenda kazini.

Na tarehe 26 msifunge kanisa. Ni siku ya Stefano. Watu wanakumbuka mawe tu, wanasahau Matendo 6: alichaguliwa kwa sababu wajane walisahaulika katika huduma ya kila siku. Siku hiyo watoto waende nyumba tatu au nne za wajane. Kila nyumba mchele kilo 2, maharage kilo 1, sukari nusu kilo, sabuni mche mmoja. Hii isitoke kwenye 40,000 yako, ikusanywe kwa kila familia kipimo kimoja tangu Jumapili ya tatu, iliposomwa ile ya kanzu mbili. Mkingoja tarehe 26 ndipo muombe, mifuko imeshakauka na Januari ya sare na madaftari iko mlangoni. 2 Wakorintho 8:9 isomwe humo ndani, mbele ya mwenye nyumba.

MdauVwawa aliandika:

Wapendwa, wapo wanaosema tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia, basi tuache. Mwalimu atajibu nini?

KatekistaKihesa alijibu:

Haimo, ni kweli, na asiogope kusema hivyo. Roma ilikuwa ikiadhimisha tarehe 25 Desemba kufikia mwaka 336. Makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi hadi leo husherehekea siku inayoangukia 7 Januari kwenye kalenda yetu, kwa sababu wanafuata kalenda ya Juliasi. Tunachokiri ni tukio, Wagalatia 4:4: "Mungu alimtuma Mwanawe ambaye amezaliwa na mwanamke." Siku ni ya kukumbukia. Asibishane zaidi ya hapo mbele ya watoto.

MwalimuUyole aliandika:

Mungu awabariki. Nimebaki na mawili. Mamajusi tumewazoea kwenye igizo la tarehe 24, nguo zao zimeshashonwa. Na watoto wa miaka mitano wanashika mshumaa unaowaka?

MamaJumuiyaMakambako alijibu:

Nguo zitatumika, siku tu ndiyo ibadilike. Mathayo 2:11 inasema "wakaingia nyumbani", hori haitajwi, na idadi yao haitajwi pia. Tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba, manemane. Tarehe 24 wasimamishe mlangoni kabisa mwa kanisa. Kila ibada wasogee mabenchi kadhaa, wafike mbele Epifania. Watoto watakuwa wanawatafuta kwa macho kila wakiingia, nawe utakuwa na sababu ya kuendelea kufundisha baada ya tarehe 25. Hapo ndipo uwaambie kwamba wa kwanza kutoka mbali kumsujudia walikuwa watu wa mataifa, yaani sisi.

MmoravianiRungwe alijibu:

Wa chini ya miaka 7 wape mshumaa wenye karatasi nyekundu bila kuuwasha, uwashwe wa mtu mzima aliyeketi naye. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne. Ndoo mbili za mchanga, moja mbele na moja mlangoni, na milango isifungwe kwa komeo. Mitandio na nywele za bandia hushika moto haraka, hivyo safu ya mbele wawe waliofunga nywele.

Tarehe 6 mkishusha nyota, toeni taa kwanza, iacheni siku mbili mahali pakavu, ndipo iingie kwenye kiroba na kutundikwa darini. Usiiweke sakafuni stoo. Panya hawalikosi jambo lenye gundi, na pembe moja ikitafunwa utalazimika kubandua mkanda mzima.