Nyoka wa kwanza kwa kijana: nyoka-mahindi, chatu-mpira au boa wa mchanga?

MamaRukia (Leicester, Uingereza)
Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwanangu ana miaka 13 na tangu mwaka jana haombi kitu kingine ila nyoka. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu nyoka akionekana uani ni mayowe na fimbo, kwa hiyo imenichukua muda kukubali. Dukani wametuonyesha watatu: nyoka-mahindi, yule mwembamba wa rangi ya machungwa kutoka Marekani, chatu-mpira wa Afrika Magharibi, anayejiviringa akiogopa, na boa wa mchanga, ambaye kumbe kwao ni Kenya. Waliowahi kufuga, nisaidieni. Nyumbani kuna pia mtoto wa miaka mitatu.

BinKombo
Dada, ninao hao wawili wa kwanza. Mchukulie nyoka-mahindi, na sababu kubwa ni kula. Wangu ana miaka tisa, hakatai panya isipokuwa akikaribia kujivua gamba, macho yakishaingia ukungu. Chatu-mpira alinigomea miezi mitatu mwanzoni mwa baridi. Nilikosa usingizi, kila wiki nampima kwenye mizani, na uzito karibu ni uleule. Ndiyo tabia yao, wanafunga muda mrefu wakiwa wazima kabisa. Mtu mzima atavumilia, ila kijana ataamini mnyama wake anakufa.

Halafu joto. Nyoka-mahindi anatosheka na nyuzi 28 hadi 30 upande wa moto, 22 hadi 24 upande wa baridi. Chatu-mpira anataka 31 au 32 na unyevu wa asilimia 60 hivi. Hewa ikikauka, na hita za huku zinaikausha kweli, gamba linatoka vipandevipande na kubaki limeganda machoni.

Ubaya wa nyoka-mahindi ni utoro. Upenyo mdogo tu, ameshapita. Mfuniko ufungwe kwa klipu kila mara.

Sauda_W
BinKombo, kwenye kula nakubali. Kwenye kushikwa, chatu-mpira hana mpinzani: anatulia mkononi. Nyoka-mahindi mchanga anateleza kama maji, mwanangu alimwangusha mara mbili.

Ila fikiria umri, dada. Nyoka-mahindi huishi miaka 15 hadi 20, chatu-mpira 20 hadi 30 na hata kupita. Mwaka 2020, chatu-mpira wa Saint Louis Zoo huko Marekani alitaga mayai akiwa na zaidi ya miaka 60. Kijana akienda chuo, wewe ndiye utakayebaki naye.

Mtaita_Voi
Boa wa mchanga ni wa nchi kavu za kwetu. Jike ni mfupi, mara chache hupita sentimita 80, dume ni mdogo zaidi, na huzaa watoto hai badala ya kutaga. Hasumbui, lakini siku nzima amejizika; mwanao ataangalia mchanga.

Wanaosoma wakiwa Kenya, nawasihi msiende kuchimbua wa porini. Kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kufuga kunataka kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Tena kwa mabaka yake, asiyejua anaweza kumshika kifutu akidhani ni boa, na kifutu anaua.

Nesi_Asha
Huyo wa miaka mitatu ndiye ananitia wasiwasi. Nyoka yeyote, hata mwenye afya, anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na walio chini ya miaka mitano huugua vibaya. Asimshike kabisa. Wengine mnawe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na bakuli lake la maji lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Panya nunua waliogandishwa, unene usizidi sana ule wa nyoka katikati. Wayeyushe kwenye maji ya moto kiasi, si kwenye maikrowevu. Panya hai humng'ata nyoka hadi kumtoboa. Akishakula, asishikwe kwa siku mbili. Na kifaa cha joto lazima kiwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Nimeona nyoka aliyeungua tumbo lote kwa kukosa kitu hicho.

MamaRukia
Mungu awabariki. Tumekubaliana nyoka-mahindi, na sanduku litakaa chumbani kwa kaka mtu, mlango wenye kitasa cha juu. Themostati nimeiwasha jana, nataka nione wiki nzima joto halipandi wala kushuka. Jumamosi ijayo tunarudi dukani, na nitawaomba wamlishe mbele yetu kabla sijalipa.