Goti bandia bila saruji: uthabiti unaletwa na mpako au na mkato?

Wadau, kuna hoja inarudiwa kila mara kwamba goti bandia lisilotumia saruji (gundi ya kushikiza kiungo bandia kwenye mfupa) likishapakwa haidroksiapataiti (madini yanayopatikana kwenye mfupa), uthabiti umepatikana. Napinga. Mpako una kazi yake, ila unapewa sifa isiyo yake.

Siku za kwanza kinacholishika goti ni mkato, yaani jinsi mfupa ulivyokatwa ili kiungo kikae. Sahani ya chuma inayokaa juu ya mfupa wa muundi hubanwa kwenye mfupa uliokatwa sawasawa. Ikichezacheza chini ya mikromita 50 hivi (mikromita 1,000 ni milimita moja), mfupa huota na kuingia kwenye vitundu vya sahani. Ikipita mikromita 150, kinachoota pale ni utando wa nyuzinyuzi, na utando huo haushiki kitu. Mkato ukiacha upenyo upande mmoja, kila hatua ya mgonjwa inaididimiza sahani upande huo na kuinyanyua upande wa pili. Mpako gani utazuia hilo?

Mchangiaji wa pili: Ndugu, umeuonea mpako. Haidroksiapataiti ni kalsiamu na fosfeti, madini yale yale ya mfupa, ndiyo maana mfupa huikaribia haraka. Vipimo vya eksirei vinavyofuatilia vishanga vya tantalamu, aina ya metali, vilivyopandikizwa mfupani vimeonyesha sahani zenye vitundu bila mpako zikisogea zaidi ya zilizopakwa. Wagonjwa wote walikatwa mfupa kwa utaratibu mmoja. Tofauti imetoka wapi?

Mleta mada: Imetoka kwenye mpako, hilo nakubali. Lakini tazama wakati. Sahani iliyopakwa husogea miezi ya mwanzo, mara nyingi kuliko ya saruji, kisha hutulia. Anayeihukumu kwa picha za mwezi wa tatu anaionea. Swali ni kama mwaka wa pili bado inasogea. Na mpako wenyewe hufyonzwa taratibu na mwili. Baada ya hapo kinachobaki kazini ni mfupa ulioshikana na chuma.

Mchangiaji wa tatu: Mbona mmesahau sahani za tantalamu yenye vitundu vingi? Ile huwekwa bila haidroksiapataiti, uso wake unakwaruza na kung'ang'ania mfupa tangu mwanzo, na mfupa unaingia.

Mleta mada: Ndiyo hoja yangu hiyo. Kwa mfupa imara, mkato safi na uso unaong'ang'ania ndivyo vinavyotangulia, mpako unaharakisha. Kwa mfupa uliolainika kiasi kwamba kidole kinauminya, mimi ningechagua saruji, hata mpako uwe wa aina gani. Anayepinga hapo aseme sahani itashikilia nini wiki sita za kwanza.