Wiki nzima kwenye boti mto Thames na mama asiyejua kuogelea: ataweza?

MamaNeema_Nzuguni:
Wadau, habari za jioni. Mdogo wangu anayeishi Reading, Uingereza, amekodi boti ya kulala humohumo kwa wiki ya mwisho ya Agosti. Anataka tupande mto Thames polepole hadi Oxford, na mama awepo. Mama ana miaka 68. Mwaka niliozaliwa alikuwa kwenye mtumbwi uliopinduka Mtera, na tangu hapo maji mengi hayasogelei. Nasikia njiani kuna loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango. Aliyewahi kupita huko anieleze. Sitaki kumdanganya mama.

KakaWaKikuyu:
Dada, nilikwenda na mke wangu miaka mitatu iliyopita, msimu huohuo. Thames ya huko juu siyo Mtera. Mwisho wa mwendo ni kilomita 8 kwa saa, mwenye baiskeli ukingoni anawapita. Leseni hatukuulizwa, wenye boti walitufundisha kuiendesha, tukaondoka.

Loki ndizo zitamtisha, na hadi Oxford ni zaidi ya 10. Mkiwa mnapanda mto, mnaingia boti ikiwa chini na ukuta uko juu ya vichwa vyenu, umelowa, umeota ukoga. Lango linafungwa nyuma yenu, injini inazimwa. Mmoja anashika kamba ya mbele, mwingine ya nyuma. Kamba mnaizungusha kwenye kigingi, hamfungi fundo, maana boti inapanda na kamba inatakiwa ivutwe kidogokidogo. Mlinzi wa loki anafungulia maji. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Alipofumbua aliona kwanza viatu vya yule mlinzi, halafu maua mekundu mbele ya nyumba yake, halafu anga lote. Loki ya pili aliomba kamba mwenyewe.

Ninachokuomba, msikimbilie Oxford. Sisi siku mbili za mwanzo tulihesabu loki kama watu wanaowahi treni, Goring tukaipita bila kushuka. Siku ya tatu tulifunga boti karibu na Wallingford saa tisa mchana, tukachuma matunda meusi ya miiba ukingoni, ndiyo wakati wake wa kuiva. Jua lilizama karibu saa mbili usiku. Hadi leo nyumbani tunaizungumzia siku hiyo. Mama naye aipate, akae mbele ya boti, asipewe jiko.

Asubuhi kuna ukungu, abebe sweta nzito. Na mkitaka kwenda mbele zaidi ya Oxford, pimeni kimo cha boti kwanza, daraja la Osney lina nafasi ya mita 2.28 tu.

Muuguzi_Makole:
Naungana na kaka, ila boya alivae muda wote akiwa nje, siyo kwenye loki peke yake. Na aulizwe yeye mwenyewe. Oxford kuna boti za abiria za matembezi mafupi, aanze na hizo. Akikataa, njia ya miguu inafuata mto, atembee na mjukuu.

MamaNeema_Nzuguni:
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Pale kwenye viatu vya mlinzi akanirudisha nisome tena. Anauliza jambo moja tu: jiko la boti linafaa kusongea ugali wa uwele?

KakaWaKikuyu:
Mpe shikamoo yangu. Jiko ni la gesi, dogo, na sufuria za mle ni nyepesi. Mwiko mje nao.