Tupeane uzoefu: tusiopenda kujinadi, kazi tunazipataje?

Mleta mada:
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mshereheshaji, mwaka wa tisa sasa. Nipe kipaza sauti mbele ya watu 400, sitetemeki. Niambie nijirekodi nikisema "MC namba moja ni mimi, wahi kunibuku", mate yananikauka. Wiki iliyopita nimekaa nusu saa natafuta maneno ya kuweka chini ya picha yangu mwenyewe. Naandika, nafuta, naandika, nafuta. Mwisho nikaweka picha ya maharusi, tena bila kusema kwamba siku ile nilikuwa kazini.

Miaka yote nimejificha nyuma ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa mwezi huu tarehe tatu zimekwenda kwa kijana ambaye, sisemi kwa majivuno, bado anajifunza. Nikamuuliza mteja wangu wa zamani mbona hakunipigia. Akasema, "Nilidhani uliacha."

Neno hilo halijanitoka. Wenzangu wenye aibu kama yangu, mnafanyaje? Sitaki nadharia, nataka yaliyowakuta. Na wale wa "jiamini tu mkuu", naomba mpite.

Mpiga kinanda:
"Nilidhani uliacha" imenichekesha kwa uchungu, maana na mimi nimeshaambiwa.

Mimi sura yangu haionekani popote. Kila nikifanya mazoezi naegemeza simu juu ya spika, inachukua mikono tu, sekunde 40 hivi. Nikikosea nairudia palepale na sikati. Chini naandika wimbo uko ufunguo gani na kilichonishinda, basi. Kinanda changu kina kibonyezo kimoja kilichomeguka pembeni, na nilikuwa nakionea haya, nakifunika kwa kidole nikirekodi. Siku moja kwenye sherehe mzee mmoja akanisogelea, akainama kuangalia, akasema, "Kumbe wewe ndiye wa kinanda kilichomeguka!" Yule mzee alinipa kazi mbili mwaka ule. Nimekataa kukitengeneza hadi leo.

Watu wanaposema "jenga chapa yako" nakumbuka chapa ya ng'ombe. Ilikuwa alama ya moto ya kumtambua akipotea au akiibwa. Hakuna aliyemwandika ubavuni "ng'ombe bora".

Mfanya mazingaombwe:
Mimi nilifanya kinyume, nikaumia. Nilisoma habari za Houdini, yule mfanya mazingaombwe maarufu wa zamani, jinsi alivyokuwa akifungwa na kuning'inizwa juu mbele ya majengo ya magazeti ili waandishi wasihangaike kumtafuta. Nikasema kumbe siri ndiyo hiyo, makelele. Nikashona koti linalometameta, nikapiga picha katikati ya moshi, nikajiita mfalme.

Simu zikaja, sikatai. Ila mimi kazi yangu ni karata na sarafu, nakaa na wageni mezani, naongea polepole. Kwenye sherehe ya kwanza baada ya lile tangazo mwenye shughuli alinivuta pembeni na kuniuliza, "Moshi uko wapi?" Nikamwambia sina. Usiku mzima akawa ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tangazo langu linasema hivi: mazingaombwe ya mezani, wageni sita hadi kumi, dakika 10 kila meza, hakuna moshi wala moto. Simu zimepungua kweli. Lakini anayepiga anajua anachonunua, na mimi sihitaji kuigiza mtu mwingine tangu mlangoni.

Mleta mada:
Mkuu hapo kwenye "hakuna moshi" umenigusa. Mimi kila siku naogopa kusema nisichofanya.

Mchekeshaji:
Tahadhari moja kwa wenye aibu: msikimbilie kujidharau mkidhani ndiyo unyenyekevu. Nilikuwa najiandika "mchekeshaji asiye na kazi", nikiona ni utani mtamu. Watu waliamini! Nikawa naitwa bure, "ili upate pa kuonekana". Nimefuta.

Mburudishaji wa watoto:
Kwangu mhusika ndiye anayejitangaza. Marcel Marceau, msanii Mfaransa wa maigizo ya kimya, alimbuni mhusika wake Bip mwaka 1947, fulana ya mistari, kofia iliyochakaa na ua juu yake, na hadi leo watu wanamkumbuka Bip bila kujua Marceau alikuwa mtu wa namna gani nyumbani kwake. Mimi mwenyewe siwezi kuandika "nipo vizuri", lakini yule wangu mwenye viatu vikubwa anaandika majigambo ya kitoto na watu wanacheka. Kasoro yake ni kwamba mzazi akinipigia anasikia sauti ya mtu mpole kabisa, anauliza kama amekosea namba.

DJ:
Mimi nitawapinga kidogo. Nilikaa miaka nikitegemea kusifiwa na watu, na ukweli ni kwamba "watu" walikuwa mmoja tu, mpambaji aliyekuwa akinipendekeza kila mahali. Alipohama, simu ikanyamaza miezi miwili. Stetasi ya WhatsApp nayo nilikuwa naweka, inakaa saa 24 inafutika, na wanaoiona ni walewale wenye namba yangu. Nilikuwa najitangazia ndugu zangu.

Kilichonisaidia ni kuacha kuomba sifa. Siku ya pili baada ya shughuli namuuliza mteja swali moja kwa ujumbe wa sauti: wageni wamekumbuka sehemu gani? Hapo anasimulia mwenyewe. Mmoja alisema mama yake, ambaye magoti yanamsumbua, alisimama wimbo mmoja mzima. Nikaomba ruhusa, nikayaweka maneno yake yalivyo, sikuongeza langu. Na kila mwanzo wa mwezi naandika tarehe zilizobaki wazi. Hiyo ni taarifa tu, kama ratiba ya basi. Nani ataona ratiba ya basi inajisifu?

Ila msiweke sura za wageni bila ruhusa, hasa watoto. Nimewahi kugombana na familia kwa hilo, na kosa lilikuwa langu.

Mleta mada:
Nimerudi. Juzi nimejikaza, nikaandika hivi: "Jumamosi nilisherehesha harusi ya wageni 250. Umeme ulikatika dakika 20, tukaendelea kwa sauti ya koo. Mwezi ujao nina Jumamosi mbili wazi." Picha niliyoweka ni ya kipaza sauti juu ya kiti, mimi simo.

Nilizima simu nikalala, kwa aibu. Asubuhi nakuta wa kwanza kuandika ni yule mteja wangu: "Kumbe upo!"

Tarehe bado hajachukua.