Naomba ushauri: kliniki ya miezi 9, mtoto aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati

Hamjambo wenzangu. Mtoto ni wa hapa Likoni, Mombasa. Chanjo ya surua na rubela haina mjadala, hufuata tarehe ya kuzaliwa. Uzito nao rahisi: avuliwe nguo na nepi, urefu apimwe akiwa amelazwa. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 12.5 lishe yataka kuangaliwa, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali.

Kazi iko kwenye ukuaji. Muuguzi hutazama kama aketi bila kushikwa, ahamisha kitu mkono hadi mkono, atamka "ba-ba-ba", ageuka akiitwa. Hapa yafaa kutoa miezi miwili, ahesabiwe kama wa miezi 7, la sivyo ataandikwa amechelewa bure. Ila asiposhtuka kwa sauti, hilo halisamehewi kwa kuzaliwa mapema, masikio yapimwe.

Sasa, hizo wiki 8 mwamwomba muuguzi aziandike wapi kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ili wa zamu nyingine azione? Na umri huu waogopa wageni. Akishadungwa sindano hacheki wala hashiki kitu. Je, hukubaliwa mkiomba atazamwe kwanza, sindano baadaye? Video ya simu akiwa aketi mkekani nyumbani, wauguzi huitazama, au foleni haiwaruhusu?

Mwenye kujua saa ambazo kliniki za huku huwa na nafasi pia aseme.