Msinitajie ziwa: kambi ya karavani Elementaita ilitulipisha "huduma kamili", mtoto wangu akapigwa na stima

Wadau, hamjambo. Nimekaa siku tisa bila kuandika kwa sababu mume wangu aliniomba nisubiri hasira ipoe. Haijapoa. Jina la kambi sitalitaja, tumeshawaandikia wenyewe na tunangoja pesa zetu. Iko kando ya Ziwa Elementaita, upande wa Gilgil.

Sisi ni watu wa Kisumu, tunakaa Mamboleo. Karavani yetu, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ni ya mitumba. Mume wangu aliikarabati miezi minane pale uani, nyaya akazisuka upya mwenyewe huku fundi mwenye leseni akimsimamia. Safari hii ilikuwa ya mama mkwe. Ana miaka 71, amezaliwa na kuzeekea Vihiga, na tangu nimeolewa namsikia akisema siku moja angependa kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, kwa macho yake, si kwenye televisheni ya jirani. Kwa mila zetu mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkewe, kwa hiyo tukamkodia hema lake la kambi, lile lenye kitanda.

Kabla ya kulipa nilipiga simu mara mbili. Niliuliza kama kuna stima ya uhakika mahali pa karavani, kama kuna maji ya kunywa, kama kuna mahali pa kumwaga tangi la choo, na kama choo kiko karibu na mahema, maana nina mzee mwenye magoti mabaya. Kila swali nilijibiwa, "Ndio mum, kila kitu kiko." Karavani kujiegeshea tu ni 2,000 kwa usiku, na ukitaka huduma kamili ni 3,500. Tukalipia kamili, usiku mbili. Pamoja na hema la mama, 11,000. Pesa zilitumwa kwa simu siku hiyo hiyo, na ujumbe wa kuthibitisha ninao.

Kuvuta karavani kutoka Ahero hadi Kericho, uipande Mau Summit, halafu uteremke Salgaa malori yakikupumulia kisogoni, si mchezo. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukafika saa nane mchana.

Nitasema ukweli wote. Mahali pale ni pazuri mno. Uwanja ni tambarare, nyasi zimekatwa, bafu lina maji ya moto ya kuni asubuhi na jioni, na askari wa usiku ni mzee mwenye adabu aliyezunguka mpaka alfajiri. Mama mkwe aliteremka garini, akaona ufuko wote umepakwa rangi ya waridi, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini palepale kwenye nyasi. Hilo sitalisahau. Basi mazuri yameishia hapo.

Nguzo ya stima ilikuwa hatua kama arobaini kutoka tulipopangiwa. Soketi sita kwenye ubao mmoja, mbili zimeyeyuka pembeni zikawa nyeusi. Waya unaoilisha umetoka ofisini, zaidi ya mita mia moja, umelazwa chini ya nyasi bila bomba, na ni ule mwembamba wa kuwashia taa. Mume wangu ana mita yake na huwa hachomeki kitu kabla ya kupima. Saa kumi jioni ilisoma 221. Saa mbili usiku, watu wa mahema walipochomeka birika na chaja zao, ilisoma 168. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Friji yenye kompresa ukiipa 168, mota haina nguvu ya kuanza, inavuta mkondo mkubwa kuliko kawaida na kupata moto. Yetu ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma, ikanyamaza. Mume wangu alikuwa ameenda kumtafuta mtu wa kambi. Aliporudi nusu saa baadaye ilikuwa imenyamaza kabisa, na ubavu wake wa nyuma haushikiki kwa joto. Ndani mlikuwa na samaki watano aina ya ngege niliowanunua Dunga jana yake. Asubuhi niliwazika.

Friji ni chuma, ningeweza kuinyamazia. Sikilizeni hili sasa.

Usiku ule mvua ilinyesha. Kama saa moja asubuhi binti yangu wa miaka tisa alishuka miguu mitupu, akaenda kumsalimia nyanya yake, akarudi kwenye nyasi zilizolowa na kushika kitasa cha mlango wa karavani. Nilikuwa ndani nachemsha chai. Nilisikia ukelele, nikafungua, nikamkuta amekaa chini amekumbatia mkono wake. Akaniambia, "Mama, mlango umeniuma."

Mume wangu alikimbilia nguzo na kuchomoa kebo kabla ya kuuliza lolote. Tulipomtuliza mtoto, mume wangu akapigilia kigingi cha chuma kwenye udongo, akarudisha kebo tukiwa tumesimama mbali, akapima kati ya kigingi na bati la karavani. Volti tisini na kitu. Nyumba yetu yote, ngazi, mlango, vyote vilikuwa na stima. Akaifungua ile soketi. Tundu la juu, lile refu, ndilo la waya wa kijani na manjano, waya unaopeleka shoti ardhini. Lilikuwa tupu. Waya haukukatika wala haukulegea, haukuwahi kuwekwa. Soketi zote sita hivyo hivyo. Na ofisini, kwenye boksi la stima, hakuna ile swichi ya kujikata shoti inapotokea.

Nikaenda kwa meneja nimemshika mtoto mkono. Kijana mpole, mwenye maneno mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana mum, tutamwita fundi wiki ijayo. Lakini ziwa mmelionaje? Wageni wetu wote hulisifu."

Nimempelekea mtoto aliyepigwa na stima kwenye uwanja wake, na yeye ananiuliza ziwa nimelionaje! Sikuwa na jibu. Nilitoka nikalia nyuma ya bafu, na mimi si mtu wa kulia.

Nikamwomba angalau azing'oe soketi zile au aziandike HATARI. Kulikuwa na familia nyingine pale yenye watoto watatu. Alisema akiweka maandishi hayo atawatia wageni wasiwasi. Mume wangu alichukua kipande cha boksi, akaandika mwenyewe kwa kalamu nzito, akakifunga kwenye nguzo. Jioni tulikuta kimeondolewa. Tukaenda hema kwa hema kuwaambia watu kwa mdomo.

Sasa choo. Wasiojua karavani: choo chetu kina tangi dogo la lita ishirini ambalo unalivuta kando kama sanduku, unalibeba, unalimwaga mahali palipotengwa, unalisuuza. Kambi inayouza huduma za karavani lazima iwe na mahali hapo. Wao wanapo. Ni mfuniko wa zege wenye kufuli. Kijana wa kazi alituambia shimo limejaa siku nyingi na gari la kunyonya halijaitwa. Meneja akamwelekeza mume wangu kwenye matete, kwenye mkondo unaoteremka ziwani: "Mwaga pale tu mzee, wengine wote humwaga pale." Tulienda kuangalia. Ni kweli. Karatasi za choo zimeshikana na matete, udongo una ile rangi ya buluu ya dawa ya kuulia harufu, na hatua chache mbele ndiyo maji yenyewe.

Ziwa Elementaita halina mto unaotoka. Kinachoingia mle kinabaki mle, jua linakausha maji tu. Liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, tangu 2005, na mwaka 2011 UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Mwari, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, huja kutaga na kulea makinda yao hapo. Ndilo ziwa meneja analolitangaza kwenye picha, ndilo analonijibu nalo kila nikilalamika, na ndilo anawaambia wageni walimwagie kinyesi.

Hatukumwaga. Tulilifunga lile tangi, tukaliviringisha kwenye gunia na plastiki, tukarudi nalo Kisumu madirisha wazi. Tulipofika Kericho harufu ilikuwa imeshaingia kwenye nguo. Nililimwaga kwenye choo changu mwenyewe saa mbili usiku.

Maji nayo. Mfereji wa karibu na jikoni umeandikwa MAJI SAFI YA KUNYWA kwa rangi nyeupe. Nilikuwa nawajazia watoto chupa pale, yule kijana wa kazi akanisogelea akanong'ona, "Mama, watoto usiwape hayo. Sisi wenyewe hatuyanywi, tunanunua ya mtungi." Kisha akafunga mdomo haraka, kama mtu aliyezoea kuficha meno yake. Meno yake yana rangi ya kahawia, na si kwamba hayapigi mswaki. Ukanda ule wote, Nakuru, Gilgil mpaka Naivasha, maji ya visima vingi yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajengeka, rangi ile haitoki tena. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na msidhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunapunguza maji na kuiacha floridi palepale. Njia ipo, chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na Kanisa Katoliki la Nakuru limeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa hiyo pale Gilgil si siri. Nilimwomba meneja karatasi ya vipimo vya kisima. Hana. Mimi nimetoka Kisumu, ningejuaje? Ndiyo maana niliuliza kwenye simu.

Na choo cha mahema, kile "kilicho karibu", ni hatua mia moja na sabini, nilizihesabu, bila taa hata moja. Mama mkwe hakusema neno. Siku ya pili ndiyo niligundua kwamba tangu saa kumi jioni hanywi hata chai, ili asiamke usiku akatusumbua. Kule Elementaita usiku kuna baridi ya kuuma, na mzee wa watu analala na kiu. Usiku wa mwisho nililala naye hemani, tukawa tunakwenda pamoja na tochi ya simu.

Sidai pesa za kulala, tulilala. Nadai 3,000 za huduma ambazo hazikuwapo, pamoja na gharama ya kompresa. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, haki ya kuelezwa ukweli, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa akipata hasara. Nimewaandikia hivyo, nimeambatanisha picha za soketi, mfuniko wenye kufuli na yale matete. Jibu lilikuja siku ya nne: wanatupa usiku mmoja bure, "mje mfurahie machweo ya ziwa."

NYONGEZA: Kuna ndugu ameandika kwamba kambi ni porini, nikitaka starehe niende hoteli. Ndugu yangu, nimelala porini mara nyingi bila stima, bila maji, bila choo, na sikumlalamikia mtu. Ukiniambia hakuna, nakuja na mtungi wangu, taa zangu na jembe langu. Ukiniambia ipo na ukachukua pesa yangu, iwepo. Na ile ya soketi si starehe. Bora uwanja mtupu kuliko soketi isiyo na waya wa ardhini.

NYONGEZA 2: Fundi aliyeuliza kama karavani yenyewe haina swichi ya kujikata: inayo, na inafanya kazi, tumeijaribu tena nyumbani. Mume wangu anasema mkondo uliompitia mtoto ulikuwa mdogo kuliko unaoweza kuiangusha. Na hitilafu tumeipata kwenye kompresa iliyoungua usiku ule. Ni kweli ilikuwa friji yetu. Ila waya wa ardhini kazi yake ndiyo hiyo, kitu kikiharibika ndani asiumie mtu nje. Sasa mume wangu amenunua kigingi cha shaba na hatachomeka tena popote kabla ya kufungua soketi.

Mtoto ni mzima, asanteni mnaouliza. Tulimpeleka kupimwa moyo siku ya Jumatatu. Lakini bado akifika kwenye mlango wa karavani anasimama, ananingoja mimi nishike kwanza.

Mwenye karavani au gari la kulala ambaye ameshalala kati ya Naivasha na Eldoret, naomba aandike hapa: stima alipima ngapi usiku wageni wakiwa wengi, soketi ina waya wa ardhini au haina, shimo la maji taka liko wazi, na maji yamepimwa lini. Mandhari msiniandikie.